Kushoto Safi

Fundi Friji alifundishwa kuendesha gari na mwanamke aliyekuja kuwa mke wake, na kosa lote la hadithi hii lilianzia hapo. Msinielewe vibaya. Ndoa yenyewe ilikuwa nzuri kuliko nyingi ninazozijua, na ninazijua nyingi. Tatizo ni kwamba harusi ilifika kabla mafunzo hayajaisha.

Mwalimu wa udereva huketi kushoto kwa mwanafunzi. Siku za mwanzo mwanafunzi ana kazi tele: klachi inamshinda, usukani unamponyoka, jasho linamwingia machoni. Basi wakifika makutano mwalimu humpunguzia mzigo. Humwangalizia upande wa kushoto na kumwambia, "Kushoto safi." Mwanafunzi hubaki na upande wa kulia peke yake, akiona hakuna gari anakwenda. Ni msaada wa wiki ya kwanza tu, kama kumshika mtoto mkono kwenye ngazi. Baadaye mwalimu hunyamaza, na mwanafunzi hugeuza shingo mwenyewe.

Kwa Fundi Friji, Mwalimu hakunyamaza. Kabla hajafikia somo la kunyamaza walikuwa wameshapendana, na yale maneno mawili yakageuka kuwa maneno yao. Fundi alifaulu mtihani kwa mtahini mwingine, siku ambayo barabara zilikuwa tupu na bahati iko upande wake. Kuanzia hapo, miaka yote, kila makutano Mwalimu aliinama mbele kidogo, akachungulia, akasema "Kushoto safi," na Fundi akakanyaga mafuta; peke yake hakuwahi kuendesha. Binti yao alikua kwenye kiti cha nyuma akiyasikia hayo. Alipokuwa mdogo alidhani kila gari lina mama wa kuangalia kushoto. Ndugu waliona ni mapenzi, na kweli yalikuwa mapenzi. Ila barabara haijui mapenzi ni kitu gani.

Asubuhi ya ajali walikuwa wanakwenda wote watatu kwa dada yake Fundi, aliyekuwa amehamia nyumba mpya na hataki kusikia kwamba kuna mtu hajaiona. Walifika kwenye makutano ya kiwanda cha mbao, pale barabara ndogo inapoikata barabara kubwa, hakuna taa wala askari. Mwalimu akaangalia. Barabara ilikuwa tupu mpaka kwenye kona.

"Kushoto safi," akasema.

Fundi akaachia klachi, na papo hapo mkokoteni uliobeba magodoro ukakatiza mbele yake. Akashika breki. Godoro la juu lilikuwa linateleza, mwenye mkokoteni anasukuma kwa mkono mmoja na kulizuia kwa mwingine, huku akiomba radhi kwa kichwa kwa sababu mikono ilikuwa imekwisha. Mwalimu alicheka. Fundi naye alicheka. Waliyasindikiza magodoro kwa macho mpaka yakapita. Kisha Fundi akaangalia kulia tena, hilo tumpe haki yake, akaona pako wazi, akaenda. Lile neno la kushoto alikuwa nalo bado, lakini lilikuwa limeshalala.

Pikapu ilitokea konani na shehena ya mbao, mwendo wake si wa mtu anayekaribia makutano. Dereva wake aliwaona, akakanyaga breki kwa miguu yote miwili, na mbao zikamsukuma kutoka nyuma. Ikauparamia mlango wa Mwalimu.

Gari likigongwa mbele kuna boneti na injini, kuna chuma cha kujikunja kabla balaa halijakufikia. Likigongwa nyuma kuna buti. Ubavuni hakuna kitu. Kuna mlango, yaani mabati mawili na kioo katikati, na ukishatoka mlango unakutana na nyonga ya mtu. Mwalimu alikuwa amefunga mkanda kama kawaida yake, na mkanda ulimzuia asirushwe nje. Lakini mkanda umetengenezwa kumzuia mtu anayekwenda mbele, na yeye hakwenda mbele. Mlango ndio uliomfuata alipokaa.

&nbsp;

Hospitalini walimpitisha moja kwa moja chumba cha upasuaji. Nyonga ilikuwa imepasuka, mbavu tatu zimevunjika, na ndani kulikuwa na damu inayovuja ambayo daktari alitaka kuiona inatoka wapi kabla ya kuzungumza na mtu yeyote. Binti hakuwa na jeraha, maana alikaa nyuma upande wa kulia. Alikuwa amekaa sakafuni koridoni, viatu vya mama yake mapajani, hataki kuvitoa.

Dada mtu alikuwa ameshafika, na meneja wa shule ya udereva alikofundisha Mwalimu pia, na mfuko wa machungwa mkononi. Askari wa usalama barabarani akaja akamwuliza Fundi ilikuwaje. Swali la kawaida, kwa sauti ya kawaida.

"Mke wangu aliniambia kushoto safi," Fundi akasema, "nikaenda."

Hakudanganya. Kila neno lilikuwa kweli, na hiyo ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu uongo unaweza kuukanusha. Aliuruka mkokoteni peke yake, kama mtu anavyoruka dimbwi ili asichafue viatu. Alijua ameruka nini hata kabla hajafunga mdomo.

Dada yake akajipiga paja akauliza yaani mwalimu mzima, tena wa udereva, ndiye kaangalia hivyo. Meneja aliangalia machungwa yake, akayaweka kwenye benchi, akaaga kwa upole. Alikuwa mtu mwema lakini hakuwa mtu wa kukaa na neno. Kabla ya jioni shule nzima ilikuwa inajua kwamba Mwalimu ndiye aliyeruhusu gari.

&nbsp;

Damu ilikoma. Nyonga wakaifunga kwa vyuma. Siku Mwalimu alipoweza kukaa kitandani bila kuona nyota, meneja alikuja wodini na machungwa mengine. Akazunguka sana. Akasifu wauguzi, akasifu dirisha, akasifu hata blanketi. Mwishowe akasema wamekaa wakafikiri, wakaona Mwalimu akipona apumzike na barabara. Atakaa mapokezi. Ataandikisha wanafunzi, atapokea simu, kazi nyepesi ya kukaa.

"Nani aliyefikiri?" Mwalimu akauliza.

Meneja akajikuna shingo. Akasema si yeye, ni hali. Kuna mzazi ameomba binti yake apewe mwalimu mwingine. Na wanafunzi nao ni watoto, wana utani wao. Utani gani hakutaka kuusema, na Mwalimu ilibidi amkabe binti yake baadaye ili aujue: pale shuleni siku hizi mtu akiangusha kikombe, wote wanaimba, "Kushoto safi."

Alimwuliza meneja habari hizo kazipata wapi. Meneja akashangaa kuulizwa. Akasema kazipata kwa mumewe mwenyewe, mbele ya askari, na yeye akiwa amesimama palepale.

Mwalimu alitaka kugeukia ukuta, nyonga ikamkatalia. Ikabidi abaki anamtazama meneja usoni huku machozi yanamtoka. Alikuwa amefundisha nusu ya madereva wa mji ule. Alikuwa akipita sokoni watu wanampigia honi ya salamu, na yeye kwa honi tu anajua ni mwanafunzi wa mwaka gani. Kile kiti cha kushoto kilikuwa maisha yake, na sasa walikuwa wanamwondoa taratibu, kwa huruma na machungwa.

"Mapokezi sikai," akasema. Meneja akajibu kwamba wataongea akishapona, kwa sauti ileile ambayo watu huwapa wagonjwa wanaoomba chumvi.

&nbsp;

Nyumbani Fundi alimhudumia mke wake kama malkia. Alimtengenezea bomba la kushikilia bafuni, akakiinua kitanda kwa vipande vya mbao mpaka kikafika kimo kisichomuumiza. Alipika, tena akapika vizuri, jambo ambalo lilimshangaza kila mtu. Aliacha mafriji ya watu yanaharibu nyama ili awe karibu na mkewe. Kitu kimoja tu hakukifanya, na ni kile kimoja alichokuwa anasubiriwa akifanye.

Siku moja dada yake alikuja wakala mchana pamoja. Katikati ya chakula akaanza kumfariji Mwalimu kwa namna yake. Alisema macho yanachoka, wifi, hata mimi siku hizi uzi siuingizi kwenye sindano. Binti akaweka kijiko chini.

"Baba," akasema, "ule mkokoteni umeusahau?"

Shangazi akauliza mkokoteni gani. Fundi akaongeza mchuzi kwenye sahani yake iliyokuwa na mchuzi tayari. Mwalimu akamwambia binti ale, akamwambia kwa jicho lile ambalo mtoto hata awe na umri gani analitii. Shangazi akatazama mmoja baada ya mwingine, akaelewa kuna kitu, akala kimya mpaka akaondoka. Kimya cha dada yule kilikuwa jambo la kuandika kwenye gazeti.

Walipobaki wawili, Mwalimu akamwita mumewe akae. Fundi akakaa ukingoni mwa kiti, kama mteja ambaye friji lake limeharibika kwa uzembe wake mwenyewe.

"Mkokoteni uliuona?"

"Niliuona."

"Mbona askari hakuambiwa?"

Fundi alijibu akiongea na magoti yake. Alisema siku ile alidhani amemuua. Mlango wa chumba cha upasuaji ulikuwa umefungwa na yeye hajui nyuma yake kuna mtu au maiti, na akaona akisema ni mimi, ni mimi peke yangu, ataanguka palepale asiinuke.

"Ukaniangushia mimi," Mwalimu akasema.

"Ndiyo."

Hakukataa, na kwa hilo Mwalimu alimheshimu, japo hasira ilikuwa imemjaa kifuani juu ya mbavu ambazo hazijapona vizuri. Akavuta pumzi kwa uangalifu.

"La kwangu nalijua, Fundi. Lile neno lilitakiwa kufa wiki ya kwanza. Niliwanyamazia wanafunzi wote nikashindwa kukunyamazia wewe, kwa sababu nililipenda. Hilo nitalibeba mwenyewe, na nitalisema mbele ya yeyote. Lakini mguu haukuwa wangu. Nilikwambia pako safi wakati pako safi. Wewe ukasimama, ukacheka na magodoro, kisha ukaenda na neno la zamani. Mguu ni wako."

"Unataka nifanye nini, Mwalimu?"

"Sikupangii. Nilikupangia kushoto miaka yote, na matokeo umeyaona."

Kesho yake Fundi alikwenda kituoni kwa miguu. Askari hakufurahi kurudishwa kwenye habari aliyokwisha kuifunga. Alimsikiliza, akamkaripia kidogo mbele ya watu, akamwambia mwenye pikapu atajibu la mwendo wake, na yeye atajibu la kuingia barabara kubwa bila kuangalia. Leseni ikabaki kituoni mpaka akajaribiwe upya. Fundi alirudi nyumbani akamweleza mkewe. Mwalimu akasema vizuri, na hakusema zaidi. Fundi alikuwa ametegemea labda atashikwa mkono. Hakushikwa, akaenda kuosha vyombo.

Maana askari hakuwa amemvunjia Mwalimu jina. Jina lilivunjwa koridoni na likaenda kuishi shuleni, na wote wawili walilijua hilo.

&nbsp;

Alipoweza kutembea na gongo moja, meneja alimwita. Ilikuwa siku ya wanafunzi wapya. Fundi alimsindikiza, amembebea mto wa kukalia. Meza ya mapokezi ilikuwa imepangwa vizuri, hata ua la plastiki wamemwekea. Mwalimu alilitazama lile ua, akapita moja kwa moja mpaka darasani.

Meneja ilibidi amfuate. Akamtambulisha kwa wanafunzi, akasema huyu ni mwalimu wetu wa siku nyingi ambaye sasa atakuwa anawapokea pale mbele. Nyuma ya darasa mtu akanong'ona yale maneno mawili, na cheko likapita kwenye benchi zima. Walikuwa hawajakanyaga klachi hata siku moja, lakini utani walikuwa wameshaupokea.

Mwalimu hakukasirika, au kama alikasirika alikuwa na kazi ya kufanya kwanza. Akaomba chaki. Akachora makutano, barabara ndogo na kubwa, akachora gari katikati na pikapu inayokuja.

"Mnayacheka hayo maneno kwa sababu hamjaelezwa," akasema. "Haya, sikilizeni. Ajali ya ubavuni haitaki mwendo mkubwa wala mlevi. Inataka mtu mmoja aliyeangalia mapema na mwingine aliyekwenda akiwa amechelewa. Inataka nguzo ya gari kando ya kioo cha mbele iliyoficha pikapu, au dereva mwema aliyesimama akakupungia mkono upite, wakati dereva wa njia ya pili hajakupungia. Na ikija, hakuna boneti ya kukukinga. Hii hapa," akajipiga nyonga kwa kiganja, "ndiyo boneti ya ubavuni."

Mmoja wa wanafunzi, kijana aliyevaa miwani, akauliza bila ubaya kama ni kweli yeye ndiye aliyemwambia dereva aende. Meneja akataka kuingilia. Mwalimu akamzuia kwa mkono, akafungua mdomo kujibu.

"Dereva mwenyewe ni mimi," sauti ikasema mlangoni.

Fundi alikuwa amesimama na ule mto kifuani. Hakuwa mtu wa kuongea mbele za watu. Mafriji hayahitaji hotuba. Wote wakageuka, akaona macho yote yale, na ungedhani angeacha mto akimbie. Akaingia darasani hatua chache.

"Aliniambia pako safi, na palikuwa safi. Kisha mkokoteni ukanikatiza nikasimama. Ulipopita sikuangalia tena kushoto. Sijawahi kuangalia kushoto tangu nijue kuendesha. Nilipoulizwa na askari nikataja neno la mke wangu, nikaacha la mguu wangu. Na wewe, meneja, ulikuwepo hospitalini, ndiyo maana nimekuja nikwambie mbele ya hawa. Huyu hakukosea barabara. Mimi ndiye niliyemgongesha."

Hakuna aliyecheka. Meneja alitoa kitambaa akajifuta uso, akasema kwa kweli hilo la mkokoteni hakulisikia. Akaanza kusema kwamba hata hivyo wazazi, na jina la shule, na tuone mwezi ujao.

"Wazazi waniulize mimi," Mwalimu akasema. "Nitawaambia na langu pia, kwamba nilimlea dereva mmoja vibaya. Kuanzia leo kwenye gari langu hakuna mwanafunzi wa kuangaliziwa, hata siku ya kwanza. Atakaa kwenye makutano mpaka shingo yake ijifunze. Nipe funguo."

Meneja alikuwa na funguo mfukoni. Aliangalia wanafunzi, akaona wote wanamtazama yeye, na kwamba hakuna hata mmoja aliyekuwa upande wake. Akazitoa.

&nbsp;

Kuingia kwenye gari kulimchukua muda. Alijaribu mguu kwanza, nyonga ikakataa. Akajaribu mgongo, ikakubali nusu. Wanafunzi walitaka kumsaidia akawaambia wakae mbali. Alipokaa, jasho lilikuwa linamtiririka, na mlango ulipofungwa mwili wake wote ulijikunja kuukimbia. Aliogopa. Akaushika mpini wa mlango kwa nguvu, akaogopa palepale alipokaa, bila kushuka.

"Wa kwanza ni huyo aliyenyang'anywa leseni," akasema, akimnyooshea Fundi kidole.

Walielewa, wakavunjika mbavu, na safari hii cheko halikuwa na sumu. Fundi Friji, na mvi zake, akaketi kwenye usukani wa gari lenye kibao cha mwanafunzi. Akarekebisha kiti, akavaa mkanda, akawasha. Wakatembea taratibu mpaka kwenye geti, pale shule inapokutana na barabara. Akasimama. Akaangalia kulia. Pako wazi.

Akasubiri.

Mwalimu alikuwa anatazama mbele. Gari lililokuwa nyuma yao likapiga honi, tena likapiga.

"Mwalimu," Fundi akasema polepole, "sema basi."

"Leo mimi ni abiria."

Honi ikalia tena. Basi Fundi akaigeuza shingo. Ili aone kushoto ilibidi ainame kidogo na kumtazama mkewe kwanza, maana yeye ndiye aliyekuwa hapo, kati yake na barabara. Akaliona kovu la kioo kwenye shavu, na mkono uliokuwa umekakamaa kwenye mpini wa mlango. Nyuma yake, kwa mbali, lori lilikuwa linakuja. Kwenye makutano yote waliyowahi kupita pamoja hakuwahi kuugeuza uso upande huo hata mara moja.

Akaliacha lori lipite. Akaangalia kulia, akarudi kumtazama tena.